Kayaki ya pedali: Tazama mwaka wa toleo, si mwaka wa kununuliwa

MVUVI wa mshipi anayekwenda majini peke yake ana mikono miwili tu, na kafi huitaka yote miwili. Samaki mkubwa akimeza chambo huku upepo ukikisukuma chombo kuelekea mwambani, mvuvi hana budi kuchagua kati ya kuliokoa windo lake na kukiokoa chombo.

Ni tatizo hili, linalofahamika na kila aliyewahi kuvua kwa mtumbwi, lililoifanya kayaki ya pedali ipendwe mno na wavuvi wa burudani nchini Marekani. Miguu ndiyo inayokisukuma chombo. Mikono hubaki huru kushika fimbo ya kuvulia, kufunga ndoana au kumtoa samaki wavuni.

Hata hivyo, kayaki hizo si rahisi. Mpya huuzwa kwa maelfu ya dola, na kwa sababu hiyo wengi hukimbilia zilizotumika. Hapo ndipo mnunuzi hukumbana na swali ambalo wauzaji wachache hulijibu sawasawa: je, achukue toleo la zamani kwa bei nafuu, au ajibane alipate jipya?

Jibu hutegemea zaidi mambo mawili, yaani kiendeshi na bodi. Kiendeshi huweza kufunguliwa, kutengenezwa na wakati mwingine kubadilishwa. Bodi ikishanunuliwa ndiyo hiyo hiyo.

Mfano mzuri ni Hobie Outback, mojawapo ya kayaki za uvuvi zinazojulikana sana Marekani. Imeundwa na Hobie Cat, kampuni ya California yenye jina la Hobie Alter, aliyeanza kuuza mbao za kuteleza juu ya mawimbi mnamo 1950 na baadaye akavuma kwa mashua zake nyepesi za tanga zenye bodi mbili. Alter alifariki mwaka wa 2014.

Mnamo 1997 kampuni hiyo ilitoa kiendeshi kilichoitwa MirageDrive. Hakina rafadha inayozunguka kama ya mashua ya injini. Chini ya bodi huning'inia mapezi mawili laini yanayofagia maji kushoto na kulia, jinsi pengwini anavyotumia mabawa yake akiogelea. Mvuvi husukuma pedali kwa zamu, mguu mmoja baada ya mwingine, na minyororo na nyaya za chuma hugeuza msukumo huo kuwa mwendo wa mapezi.

Watengenezaji wengine, mathalani Native Watercraft na Old Town, walishika njia ya rafadha. Kwao miguu huzunguka kama ya mwendesha baiskeli, na kurudi nyuma ni kuzungusha pedali kinyume tu. Jambo hilo la kurudi nyuma lilikuwa pengo kubwa la mapezi kwa takriban miaka 20. Kiendeshi cha MirageDrive cha zamani kilikwenda mbele pekee. Aliyetaka kurudi nyuma alichukua kafi, au alikichomoa kiendeshi chote, akakigeuza na kukichomeka upya.

Mtu anayevua katika ziwa tulivu anaweza kuliona hilo kuwa jambo dogo. Lakini wanaovua kando ya nguzo za gati huko California, au kwenye mikoko ya Florida, hulitazama kwa jicho tofauti. Samaki mwenye nguvu hukivuta chombo moja kwa moja hadi kwenye nguzo au mizizi, na huko mshipi hukatika. Wakati wa kukichomoa kiendeshi na kukigeuza haupo.

Pengo hilo lilizibwa katika matoleo ya 2017, kilipoingia kiendeshi kilichoitwa MirageDrive 180. Kina kamba mbili fupi. Ukivuta moja, mapezi hugeuka na chombo kikaanza kurudi nyuma. Ukivuta ya pili, hurejea yalivyokuwa. Mtu aliyezoea hufanya hivyo bila kuondoa macho kwenye mshipi.

Miaka miwili baadaye yalikuja mabadiliko mengine, na haya ndiyo yanayowachanganya wanunuzi hadi leo. Outback ya 2019 ilibaki na jina lile lile, lakini ilikuwa chombo kipya tangu omo hadi tezi. Urefu uliongezeka kutoka mita 3.68 hadi mita 3.89. Upana ulitoka sentimita 84 na kufika 86, nao uzito unaoweza kubebwa ukapanda kutoka kilo 181 hadi 193. Sakafu ilisawazishwa ili mvuvi aweze kusimama kwa utulivu zaidi anapotupa mshipi. Aidha, mapezi yalifanywa kuwa ya kukunjika yenyewe yanapogonga kitu.

Sentimita mbili za upana zaonekana si kitu katika karatasi. Aliyesimama ndani ya kayaki zote mbili kwa zamu hahitaji kuelezwa.

Mapezi ya kukunjika nayo si pambo. Katika toleo la zamani, pezi likigonga mwamba au chaza kwa kasi, ufito wake wa chuma huweza kupinda au kukatika. Mvuvi mzoefu alijifunza kuusukuma mguu mmoja mbele kabisa kila alipofika maji mafupi, ili mapezi yalale bapa chini ya bodi. Mgeni husahau, na gharama yake ni ufito mpya na safari ya kurudi nchi kavu kwa kafi. Kwa bahati nzuri, mapezi ya kukunjika yaliuzwa pia kama kifaa cha kuongezwa kwenye viendeshi vya 180 vilivyotangulia. Hivyo, ukosefu wake pekee si sababu ya kuikataa kayaki ya 2017 au 2018.

Kuna jambo la tatu ambalo matangazo huligusia kwa haraka, nalo ni kiti. Outback za kabla ya 2015 zilikuwa na kikalio kilichofinyangwa ndani ya bodi yenyewe, na mvuvi aliketi chini, karibu na maji, mara nyingi akiwa amelowa. Matoleo ya kuanzia 2015 yalipewa kiti cha fremu ya alumini na kitambaa cha wavu, kinachoinuliwa na kushushwa. Kwa mwenye umri mkubwa au maumivu ya mgongo, kiti hicho huenda kikawa na thamani kuliko hata kiendeshi. Saa sita za kusukuma pedali ukiwa umeketi vibaya hulipiwa siku mbili kitandani.

Basi, mbona kila mtu asinunue toleo jipya? Kwa sababu ya uzito. Bodi ya 2019 ni nzito kuliko ile iliyotangulia, na pamoja na kiti na kiendeshi chake hupita kilo 40. Kijana mwenye gari la mizigo hatajali. Mzee anayeipandisha peke yake juu ya gari dogo alfajiri, na kuishusha tena akiwa amechoka jioni, atajali sana. Kayaki isiyoinulika hubaki nyumbani, na baada ya msimu mmoja huuzwa.

Fauka ya hayo, kiendeshi cha zamani kina vipande vichache vinavyosogea. Mwenye bisibisi, spana chache na subira hukifungua mezani, akabadilisha mnyororo au waya, kisha akakirudisha. Kiendeshi cha 180 kina kamba na viungo vya ziada ambavyo huhitaji kusuuzwa kwa maji baridi kila kinapotoka baharini. Asiyependa kazi hiyo asijitwishe.

Sasa kuna mtego. Muuzaji akisema, "Niliinunua 2019," huenda anasema kweli na bado chombo kikawa cha zamani. Maduka hubaki na bidhaa za mwaka uliopita na kuziuza kwa punguzo. Kinachohitajika ni mwaka wa toleo, na mwaka huo umeandikwa kwenye kayaki yenyewe.

Sheria za Marekani huwataka watengenezaji wa vyombo vya majini kuweka nambari ya utambulisho yenye herufi na tarakimu 12 kwenye tezi, upande wa kulia, sehemu ya juu. Mpangilio unaotumika tangu 1984 ni huu: herufi tatu za kwanza ni za mtengenezaji, tano zinazofuata ni za chombo husika, na nne za mwisho ndizo zenye siri ya umri. Kati ya hizo nne, herufi ya kwanza huonyesha mwezi, kuanzia A ya Januari hadi L ya Desemba. Tarakimu inayofuata ni ya mwisho ya mwaka wa kuundwa. Mbili za mwisho ni za mwaka wa toleo.

Kwa hivyo, nambari inayoishia K819 ni ya chombo kilichoundwa Novemba 2018, lakini ni toleo la 2019. Inayoishia K718 iliundwa Novemba 2017 na ni toleo la 2018, hata kama risiti ya duka ni ya Machi 2019. Mnunuzi aombe picha ya nambari hiyo kabla ya kufunga safari. Muuzaji anayeleta visingizio juu ya ombi dogo kama hilo amejieleza vya kutosha.

Umri ukishajulikana, hali ya bodi ndiyo inayofuata. Kayaki hizi hufinyangwa kwa plastiki ya polithini, ambayo ni imara lakini haishiki gundi vizuri. Ufa wake hufungwa kwa kuyeyusha plastiki ya aina ile ile, kazi ya fundi anayeijua. Jua nalo huidhoofisha. Bodi iliyopauka upande mmoja imekaa nje bila kufunikwa, na kayaki ya miaka minne iliyoachwa uani huweza kuwa mbaya kuliko ya miaka kumi iliyotunzwa kivulini.

Mahali pa kwanza pa kukagua ni tundu la kiendeshi. Hapo ndipo nguvu zote za miguu hukutana na plastiki. Mnunuzi akichomoe kiendeshi, amulike kwa tochi na kupitisha kidole kwenye kingo na pembe zote. Mikwaruzo ya chini ya bodi si hoja, kwani hutokana na mchanga. Ufa mwembamba kama unywele ndani ya tundu ni hoja kubwa, maana maji huingia polepole hadi ndani ya bodi, na mvuvi hugundua tu chombo kimekuwa kizito akiwa mbali na pwani.

Njia rahisi ya kuupata uvujaji ni kumimina ndoo moja au mbili za maji ndani ya bodi kupitia mfuniko, kuiinua kayaki juu ya vigogo viwili na kuitazama kwa chini. Penye tone ndipo penye ufa.

Kwenye kiendeshi, mnunuzi ashike pedali na kuzitikisa. Kulegea kidogo hurekebishwa kwa kukaza nyaya. Mlio wa kukwaruza, kutu kwenye minyororo au ufito uliopinda humaanisha gharama, nayo ipunguzwe katika bei. Kamba za usukani ni nafuu, lakini zivutwe pande zote mbili kuona kama usukani unafuata.

Wapo wanaonunua bodi kuukuu kwa bei ya chini wakikusudia kutia kiendeshi kipya. Mpango huo hufaulu mara nyingi, ila si kila mara. Kiendeshi cha MirageDrive 360, kilichotolewa kwa kayaki za Pro Angler za 2020 na kinachoweza kuzunguka kuelekea upande wowote, huhitaji bodi iliyoundwa kwa ajili yake na hakiingii katika bodi za zamani. Hata kwa viendeshi vingine, busara ni kukijaribu ndani ya tundu lenyewe kabla ya kulipa. Vilevile, dhamana ya mtengenezaji kwa kawaida humhusu mnunuzi wa kwanza, kwa hivyo wa pili asiihesabu kama sehemu ya bei.

Kwa mtazamo wa gharama, matoleo ya 2017 na 2018 ndiyo yanayofaa watu wengi. Yana kiti kizuri, yana kiendeshi kinachorudi nyuma, na bado bodi ni ile nyepesi. Aliye mkubwa wa mwili, anayevua akiwa amesimama, au ambaye maji yake ni mafupi na yenye miamba, aongeze fedha achukue la 2019 au la baadaye. Matoleo ya kabla ya 2015 yabaki kwa anayeanza, anayevua maji tulivu na ambaye hajui bado kama atauendeleza mchezo huu. Kwake hasara itakuwa ndogo akiamua kuacha.

Lolote litakalochaguliwa, kafi ya akiba isikosekane ndani, nalo jaketi la kuokolea maisha livaliwe badala ya kukaliwa. Kiendeshi nacho kifungwe kwa kamba kwenye bodi. Kayaki ikipinduka, kiendeshi kisichofungwa huweza kuchomoka na kuzama, na mwenyewe hubaki na plastiki inayoelea.

Ikiwezekana, mnunuzi aombe kuijaribu majini kwa nusu saa: dakika 10 kwenda na upepo, 10 kuupinga na zilizobaki kujaribu kugeuka mahali pembamba. Akimaliza, aipandishe juu ya gari lake mwenyewe, bila kusaidiwa na muuzaji.