Jumapili ya Ri Kumi

Jumapili yangu ya kwanza Yokohama niliamshwa na mtu wa miaka miwili. Alikuwa amesimama kando ya godoro langu, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. "Densha," akaniambia. Densha ni treni. Mpwa wangu alikuwa na maneno machache tu, nusu ya Kiswahili, nusu ya Kijapani, na hilo ndilo alilolipenda kuliko yote.

Ilikuwa 2024. Dadangu alikuwa amepata kazi lakini mtoto hakuwa amepata nafasi kwa shule ya watoto wadogo. Mimi nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa tatu, karo imekwama, niko Nairobi naandika makala za kulipwa kwa neno. Akanitumia tiketi na barua ya mwaliko. Siku 90, si kufanya kazi, ni kutembelea familia na kumshika mtoto mkono. Shemeji yangu anaandika programu kwa kampuni moja huko, kwa mkataba. Nairobi tukisema ekspati, si unajua picha inayokuja: mzungu wa Karen, nambari nyekundu za gari, yaya, mbwa wawili. Sasa hapa ekspati walikuwa dadangu na mumewe, kwa nyumba ya vyumba viwili wilaya ya Tsurumi, nepi zimeanikwa kwa balkoni.

Yaya nilikuwa mimi.

Siku hiyo tulikuwa tunaenda Kawasaki Daishi, hekalu la Kibudha ambalo jina lake rasmi ni Heiken-ji. Ni karibu, treni mbili tu. Lakini dada alipakia nepi sita, nguo za kubadilisha, kofia, chupa ya chai baridi ya shayiri, mipira ya wali iliyofungwa kwa mwani, na biskuti za mchele za dharura. Safari ya nusu saa, mizigo ya kwenda Kakamega. Mtoto chini ya miaka sita halipi nauli akiwa na mtu mzima, lakini anakulipisha kwa njia zingine. Kila stesheni unatafuta lifti, na ukiifikia unakuta foleni ya vigari vya watoto na wazee wenye mikongojo, wote wametulia, hakuna anayesukumana.

Shemeji ndiye aliyenionyesha jiwe. Tulikuwa tunapita mtaa wa Namamugi, karibu na kiwanda cha bia, akasema, "Wewe si ulisoma historia? Hapo aliuawa mzungu." Nilisoma historia miaka miwili na kidogo, na hakuna mhadhiri aliyewahi kutaja Namamugi. Usiku huo, mtoto amelala, nikaanza kusoma.

Tarehe 14 Septemba 1862. Nikaangalia kalenda: Jumapili. Wazungu wanne wametoka Yokohama kwenda matembezi. Charles Lennox Richardson, mfanyabiashara kutoka Shanghai aliyekuwa njiani kurudi kwao Uingereza, pamoja na William Marshall, Woodthorpe Clarke na mama mmoja, Margaret Borradaile. Walivuka ghuba kwa mashua, wakapanda farasi, wakashika barabara kuu ya Tokaido. Walikuwa wanaelekea wapi? Kawasaki, kuona hekalu. Hekalu lile lile ambalo dada alikuwa amelipakia nepi sita.

Pale Namamugi wakakutana na msafara wa Shimazu Hisamitsu, mkubwa wa jimbo la Satsuma, akitoka Edo, mji tunaouita Tokyo leo. Kwa desturi ya wakati huo, msafara wa namna hiyo ukipita, ukiwa juu ya farasi unashuka, unasimama kando. Wale wanne hawakushuka. Samurai wakachomoa panga. Richardson alijeruhiwa vibaya, akafa barabarani. Marshall na Clarke waliumizwa vibaya, na Borradaile akaponea, akarudi Yokohama kutoa habari. Uingereza ikadai pauni 100,000 kutoka kwa serikali ya shogun na 25,000 kutoka Satsuma. Satsuma walipokataa, Agosti 1863 manowari za Kiingereza zikaupiga mizinga mji wa Kagoshima. Yote hiyo, na watu walikuwa wametoka tu kupunga upepo. Jiwe la Namamugi liliwekwa 1883.

Lakini kilichonikamata si panga. Ni swali dogo: mbona walikuwa wanaenda Kawasaki, si mbali zaidi? Jibu ni kwamba hawangeweza. Mikataba ya 1858 iliwafungulia wageni bandari chache tu, na kila bandari ilikuwa na mpaka wake wa kutembea. Kutoka upande wa Yokohama ungeweza kwenda ri kumi. Ri ni kipimo cha zamani cha Kijapani, karibu kilomita nne. Kwa hivyo kama kilomita 40, basi. Na upande wa kwenda Edo hata hizo kumi hukupewa. Mwisho ulikuwa mto Rokugo, ambao Kawasaki iko ukingoni mwake. Hekalu la Kawasaki lilikuwa karibu mwisho wa dunia ya mgeni. Ndiyo maana lilikuwa matembezi mazuri ya Jumapili. Unaenda mpaka kamba inapoishia, unapumua, unarudi.

Ukitaka kupita hapo, baadaye, uliomba pasipoti ya ndani. Sababu zilizokubalika ziliandikwa: afya, au utafiti wa mimea, au sayansi. Isabella Bird, mwandishi wa Kiingereza aliyesafiri kaskazini mwa Japani mwaka 1878, alieleza masharti ya karatasi hiyo kwenye kitabu chake. Mwenye pasipoti asiwashe moto msituni. Asiende kutazama nyumba ikiungua akiwa amepanda farasi. Asichorechore kuta za mahekalu. Asiendeshe kwa kasi kwenye njia nyembamba. Nilicheka peke yangu saa saba usiku. Kumbe kuna wakati mzungu alipewa orodha ya tabia njema kama mtoto wa darasa la pili.

Kicheko kikakatika hapo hapo. Mfumo huo wa wageni kuzuiliwa Japani uliisha Julai 1899, mikataba ilipobadilishwa na wageni wakaruhusiwa kusafiri na kuishi popote. Uingereza ilikuwa imesukuma sana ili raia wake watembee huru. Kama miaka 20 tu baadaye, Uingereza hiyo hiyo ikamvisha kila mwanamume Mwafrika wa Kenya kipande, kuanzia umri wa miaka 16: karatasi yenye alama ya kidole, ndani ya kijaluba cha chuma, shingoni. Waliijua vizuri ladha ya kutembea na karatasi. Walijua haipendezi.

Hata hiyo Jumapili yenyewe ilikuja Japani na wageni. Zamani ofisi za serikali zilipumzika siku zenye tarehe ya moja na sita. Lakini serikali ya Meiji ilikuwa imeajiri wataalamu wengi kutoka Ulaya na Marekani, maekspati wa enzi hizo, na wao Jumapili kazi hawafanyi. Kuanzia Aprili 1876 Jumapili ikawa mapumziko rasmi, na Jumamosi nusu siku. Reli nayo ilikuwa tayari: ya kwanza, kati ya Tokyo na Yokohama, ilifunguliwa 1872, na Kawasaki ilikuwa moja ya stesheni zake. Halafu tarehe 21 Januari 1899, siku ya sherehe ya hekalu lile, ikafunguliwa reli ya kwanza ya umeme katika eneo la Kanto. Ilikuwa ya kupeleka watu Kawasaki Daishi. Reli hiyo, kwa jina la Daishi, ndiyo tunayopanda mpaka leo, treni nyekundu. Mpwa wangu huipungia mkono ikija, na huipungia tena ikiondoka. Dereva mmoja aliwahi kumpungia pia. Hiyo habari tuliisikia wiki nzima.

Ukishuka kuna njia ya maduka mpaka lango la hekalu. Wauza peremende wanakatakata peremende zao kwa visu juu ya ubao, ton-toko-ton-toko, kama ngoma. Mtoto alisimama mbele ya duka moja dakika ishirini nzima akitingisha kichwa. Hapo ndipo nilielewa kipimo chake. Sisi tulitoka kwenda hekaluni. Yeye alitoka kwenda kwa visu. Hekalu tulilifikia saa sita, tukakaa dakika tano, akalala.

Tukaenda karibu kila Jumapili baada ya hapo. Kawasaki, au bustani, au ukingo wa mto. Na Jumapili ya tano nikafanya ujinga.

Tulikuwa tunatoka kwa stesheni, mimi natangulia na kigari, dada na shemeji nyuma na mizigo. Askari wawili wakanisimamisha. Wapole kabisa, wakainama kidogo. Pasipoti tafadhali. Sheria iko wazi: mgeni wa muda mfupi lazima awe na pasipoti yake mwilini kila wakati. Na yangu ilikuwa kwa jaketi lingine, nyumbani, nyuma ya mlango. Wakaniuliza huyu ni mtoto wa nani. Kabla sijapanga maneno dada akafika mbio, akatoa kadi yake, shemeji akatoa yake. Hizo kadi za ukaazi zilianza 2012. Mkaazi mgeni wa miaka 16 kwenda juu lazima atembee nayo. Kumi na sita, umri ule ule wa kipande.

Tulikaa hapo kama nusu saa. Redio zikaongea. Watu wakapita wakitazama viatu vyao. Mtoto akatoa biskuti ya mchele, akaiuma, akamnyoshea askari mmoja ile nusu iliyobaki imelowa mate. Yule kijana akasema asante kwa heshima zote, akakataa. Mwishowe wakakubali picha ya pasipoti iliyokuwa kwa simu ya dada, wakanionya, wakainama tena. Kosa lilikuwa langu. Naandika hivi kwa sababu ni kweli, na pia kwa sababu mikono yangu ilitetemeka mpaka usiku.

Kwa treni dada hakusema kitu. Tulipofika nyumbani ndipo akaniuliza, "Na kama ungekuwa naye peke yako?"

Sikuwa na jibu.

"Hapana, niambie. Wangempeleka wapi?"

Tangu siku hiyo alinipekua mifuko kabla sijatoka na mtoto hata kwenda dukani. Na usiku huo huo akaniambia jambo alilokuwa ameficha: mkataba wa shemeji unaisha Machi. Usipoongezwa, viza inaenda nao. Mtoto amezaliwa hapa, hospitali ya hapa, lakini Japani haitoi uraia kwa kuzaliwa tu. Wazazi wakiwa wageni, mtoto ni mgeni. Anayo kadi yake. Mwaka ule ilikuwa haina hata picha, kwa sababu ya umri.

Wao hata si wa kwanza kuumwa kichwa na karatasi huko Kawasaki. Mji huo una Wakorea wengi ambao wazee wao waliishi chini ya ufalme wa Japani, halafu mwaka 1952 wakaambiwa wao si Wajapani tena. Sheria ya kuandikisha wageni iliwataka watoe alama ya kidole, kuanzia 1955. Miaka ya themanini wengi wakakataa, wakisema sisi si wahalifu. Mwaka 1985 meya wa Kawasaki, Ito Saburo, akatangaza kuwa jiji lake halitawashtaki wanaokataa. Alama za vidole katika uandikishaji huo zilifutwa kabisa mwaka 2000. Nilipomsomea dada haya alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kwa hivyo ilichukua miaka 45." Yeye ni mtu wa hesabu.

Jumapili yangu ya mwisho tulienda ukingo wa mto Tama. Sehemu yake ya chini ndiyo ule Rokugo, mpaka wa zamani. Ng'ambo ni Tokyo, madaraja yamejaa magari, hakuna anayekuuliza kitu. Bibi mmoja mzee aliyekuwa akitembeza mbwa akasimama kumsifu mtoto, akamuuliza dada wametoka nchi gani. Dada akamwambia Kenya. Bibi akainama kwa mtoto, akamuuliza naye. Mtoto akafikiri. "Namamugi," akasema. Bibi akacheka sana. Dada pia alicheka, halafu akageuka kutafuta kitu ndani ya mkoba, na alikitafuta kwa muda mrefu.

Nilirudi Nairobi. Mkataba uliongezwa na viza pia. Sasa mtoto ana shule, ana marafiki, na tukipiga simu Kiswahili chake kinahitaji kusukumwa kidogo, kama gari la betri baridi. Jumapili nyingi dada hunitumia video fupi: visu vya peremende, au treni nyekundu ikiingia.

Mpwa wangu atafikisha miaka 16 mwaka 2038. Mpaka siku hiyo, sheria ya kule inamruhusu kutoka nyumbani bila kubeba karatasi yoyote. Dada anasema kufikia hapo watakuwa washarudi nyumbani. Shemeji, nikimuuliza, ananiuliza nyumbani wapi.