Mawe ya Ruwenzori: sababu gani yalikunjika bila kuvunjika

Katika mito inayoshuka kutoka mlima Ruwenzori, teritware ya Beni, kuna mawe yenye mistari myeupe na myeusi iliyokunjika kama kitenge kilichokamuliwa. Ukiligonga kwa nyundo, jiwe lile linapasuka. Sasa lilikunjika namna gani?

Jibu liko ndani ya fuwele, zile chembe ambazo zinaunda jiwe. Katika fuwele atomu zimepangwa mistari kwa mistari, kama matofali ya ukuta. Lakini ukuta hauko kamili: pengine mstari mmoja unakatikia katikati. Hiyo ni kasoro, na bila hiyo jiwe halingekunjika. Fikiri mkeka mkubwa na mzito. Kuuvuta wote mara moja ni kazi, lakini ukifanya kikunjo kidogo upande mmoja na kukisukuma mpaka mwisho, mkeka unasogea bila taabu. Kasoro inatembea vile vile katika fuwele. Taylor, Orowan na Polanyi walieleza jambo hilo mwaka wa 1934, kila mmoja kwa upande wake.

Ila inahitaji joto. Kwatsi, lile jiwe jeupe ambalo wachimbaji wa dhahabu wanalijua sana, linaanza kukunjika hivyo karibu digrii 300. Kwa kawaida joto la namna hiyo liko chini ya ardhi, kilomita kumi hivi. Njo maana jiwe la mtoni lenye kwatsi iliyovutika linaonyesha kwamba zamani lilikuwa chini sana.

Kalsiti, madini ya marumaru, haingoji joto. Ikibanwa, sehemu moja ya fuwele inageuka, inakuwa kama sura ya ile nyingine katika kioo. Wataalamu wanaziita mapacha. Kwa mikroskopi yanaonekana kama mistari myembamba iliyonyooka. Joto likipita digrii 200 hivi, mistari inanenepa. Lakini si kila pacha anatokana na kubanwa. Kasiterite mara nyingi inakua hivyo tangu mwanzo, fuwele mbili zimeungana kama kiwiko cha mkono.

Karibu na uso wa ardhi kuna baridi, na kasoro za kwatsi hazitembei. Jiwe linavumilia, linavumilia, halafu linakatika mara moja. Hilo ni tetemeko. Tarehe 20 Machi 1966, tetemeko kubwa lilipiga mpaka wa Kongo na Uganda, upande huu wa Ruwenzori, na watu zaidi ya 150 walikufa.

Watu wengi wanachanganya mambo haya mawili. Mikunjo ya mawe ni ya zamani sana, zaidi ya miaka bilioni moja. Kuinuka kwa mlima wenyewe, wenye mita 5,109, ni kwa juzi tu kwa hesabu ya mawe: miaka milioni chache. Na mipasuko iliyouinua bado inafanya kazi, chini ya bonde la Semliki.