Nguruwe waliosahihisha umri wa jiwe la Turkana

Mwaka 1969, mashariki mwa Ziwa Turkana, mwanajiolojia kijana kutoka Marekani, Kay Behrensmeyer, alikuta zana za mawe ndani ya tabaka la majivu ya volkano yaliyogandamana yakawa mwamba. Mahali pale pakaitwa KBS, kifupi cha Kay Behrensmeyer Site, yaani eneo la Kay Behrensmeyer, na tabaka nalo likachukua jina hilohilo. Kwa miaka kumi iliyofuata wataalamu wa mabara kadhaa waligombania swali moja: majivu haya yana umri gani?

Njia ya kulijibu ilikuwa imekwisha kujipatia heshima huko Tanganyika. Julai 1959, Mary Leakey aliona fuvu la Zinjanthropus, jamaa wa kale wa binadamu, katika Bonde la Olduvai, mumewe Louis akiwa amelala kambini na homa. Makisio yao yalikuwa miaka 600,000 hivi. Garniss Curtis na Jack Evernden wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walipoyapima majivu ya bonde hilo, walipata miaka milioni 1.75. Matokeo yalichapishwa mwaka 1961, na historia ya binadamu ikarefuka karibu mara tatu.

Walichopima ni gesi. Fuwele za madini ya feldspa zinazorushwa na volkano zina potasiamu, na katika kila atomu 8,500 hivi za potasiamu, moja ni ya aina isiyotulia, potasiamu-40. Hiyo hugeuka polepole mno: nusu yake huchukua miaka bilioni 1.25 kugeuka, sehemu kubwa ikawa kalisi, na iliyobaki ikawa gesi ya agoni. Jiwe likiwa bado uji wa moto, agoni hutoroka. Likishapoa, kila atomu ya agoni inayozaliwa humo hunaswa ndani ya fuwele. Mtaalamu huziyeyusha fuwele hizo maabara, akapima agoni inayotoka na potasiamu iliyomo, kisha akapiga hesabu ya miaka iliyopita tangu mlipuko.

Kwa majivu yaliyoanguka toka angani na kutulia palepale, njia hii ni ya kuaminika. Ya KBS hayakuwa hivyo. Maji ya mto yaliyasomba na kuyamwaga pale yakiwa yamechanganyika na chembe za miamba ya kale mno, kila chembe na agoni yake ya tangu enzi. Sampuli za kwanza zilipofika Uingereza kwa Frank Fitch na Jack Miller, jibu lilikuwa zaidi ya miaka milioni 200, jambo lisilowezekana kwa tabaka lenye zana za binadamu. Wakachagua fuwele safi zaidi, wakapima upya, na mwaka 1970 wakatangaza miaka milioni 2.6.

Mwaka 1972 Bernard Ngeneo, Mkenya wa kikosi cha Richard Leakey, mwana wa Mary na Louis, aliona vipande vya fuvu vikiwa juu ya ardhi, katika mashapo yaliyo chini ya tabaka la KBS. Vilipounganishwa likatokea fuvu namba 1470, lenye ubongo mkubwa kuliko wa Zinjanthropus. Kwa kuwa lilikuwa chini ya KBS, lilitangazwa kuwa na miaka milioni 2.9. Sifa zote za fuvu zikawa zimeegemea majivu yale.

Ndipo wakaingia nguruwe. Basil Cooke alikuwa ametumia miaka mingi kuchunguza meno ya nguruwe pori wa kale wa Afrika. Katika ukoo mmojawapo, gego la mwisho liliendelea kurefuka kadiri enzi zilivyopita, hata urefu wake ukawa unadokeza umri wa tabaka. Nguruwe waliopatikana chini ya KBS walifanana na wale wa Omo, Ethiopia, kaskazini mwa ziwa hilohilo, ambako matabaka yalikuwa yamepimwa kuwa ya miaka milioni 2 hivi. Ili kuikubali milioni 2.6, ingebidi kuamini kwamba nguruwe wa Turkana waliwatangulia ndugu zao wa bonde lilelile kwa zaidi ya miaka laki tano. Nawaheshimu sana watu hawa wa meno: namba ya maabara ilikuwa na uzito wa fizikia nzima nyuma yake, nao walishikilia kile walichokiona kwenye gego.

Mwaka 1975 Curtis alipima KBS kwa mkono wake na kupata milioni 1.8 mahali pamoja, milioni 1.6 pengine. Mabishano yakawa makali. Kilichoyamaliza ni ushahidi uliotoka pande tofauti. Thure Cerling, Frank Brown na wenzao walichunguza kemia ya vioo vidogo vilivyomo ndani ya majivu, wakaonyesha kwamba KBS ni tabaka lilelile linaloitwa H2 huko Omo. Huko Australia, Ian McDougall alichagua fuwele kutoka vijiwe vyepesi vya povu la volkano, ambavyo havikuwa na uchafu wa miamba ya kale, na mwaka 1980 akapata miaka milioni 1.89. Andrew Gleadow, kwa njia isiyohusiana kabisa na agoni, alihesabu makovu yanayoachwa na atomu za urani zinapopasuka ndani ya madini ya zirkoni. Akapata karibu namba ileile.

Siku hizi maabara huyeyusha fuwele moja moja kwa mwale wa leza, hivyo chembe ngeni hujitokeza mara moja. Fuvu 1470 limeshushwa hadi karibu miaka milioni 2, na kwa watafiti wanaochimba mashariki mwa Turkana bado ni muhimu kujua kama mfupa umetoka juu ya KBS au chini yake.