Kasoro ziandikwe: somo la mwaka 1971

Juzi nilimpa wakala wa akili unde zana ndogo niliyoiunda ya kutuma SMS. Maelezo yake yalikuwa maneno mawili tu: "Hutuma ujumbe." Mtandao ulipokatika kidogo, wakala akarudia, na wateja wakadaiwa pesa zilezile mara mbili. Simu zilizofuata, wacha tu! Nikamlaumu wakala, kisha nikakumbuka mwongozo mmoja wa zamani.

Tarehe 3 Novemba 1971, Ken Thompson na Dennis Ritchie wa Bell Labs, Marekani, walitoa mwongozo wa kwanza wa Unix. Amri zilielezwa kwa mpangilio mmoja: jina, namna ya kuiandika, kazi yake, na hata kasoro zake. Ndiyo, kasoro! Mwenye amri pia alitajwa, ili aliyekwama ajue wa kumwuliza.

Juni 2023 OpenAI iliwaruhusu waundaji programu kuielezea modeli zana zao. Novemba 2024 Anthropic ikatoa itifaki ya MCP. Mpangilio ni kama ule wa kale: jina, maelezo, data inayohitajika. Lakini kasoro hazina sehemu yake, na wakala hawezi kubisha mlango wako akuulize. Anafuata ulichoandika.

Sasa maelezo yangu yanasema: "Hutuma SMS moja kwa nambari moja. Jibu lisipokuja, huenda SMS imeshafika. Angalia orodha ya zilizotumwa kabla ya kurudia."

Mficha uchi hazai, jamani. Zana yako ina kasoro gani ambayo hujaiandika?