Minara ya Habari Katika Nchi ya Ziwa, na Zamu ya Kagongwa

Msafiri atokaye Isaka kwenda Kahama, akiisha kuyaacha nyuma makasha ya bandari ya nchi kavu na kuzipita mbuga zilizokatwa kwa matuta ya majaruba, hufika Kagongwa, mji wa mchele, ambao mashine zake za kukoboa hunguruma msimu mzima wa mavuno, na ambao magunia yake huchukuliwa na wafanya biashara wa Mwanza na Dar es Salaam, wa Rwanda, Burundi na Uganda. Juu ya mapaa ya mabati ya mji huo imesimama minara ya chuma, na chini ya minara hiyo hupita watu kwa maelfu pasipo kuinua macho. Ilhali minara hiyo ina nasaba, na nasaba yake katika nchi hii ya ziwa imepita umri wa miaka 100. Nayo ni historia inayostahili kusimuliwa kwa taratibu, maana ndani yake limefichwa suala ambalo wenye Kagongwa wana haki ya kuliuliza: habari zote hizi zipitazo juu ya vichwa vyetu, zimetufaa sisi nini?

Katika Usukuma na Unyamwezi wa kale habari iliyopita habari zote kwa thamani ilikuwa habari ya mvua. Ntemi, yaani mtawala, alihesabiwa kuwa ndiye mwenye mvua, na waganga wake wa mvua walikuwa na cheo kikubwa katika boma; ikiwa mbingu zilifunga mwaka hata mwaka, lawama zilimwangukia yeye, na wako watemi waliong'olewa katika viti vyao kwa sababu hiyo hiyo. Twaweza leo kusema mengi juu ya itikadi ile, walakini jambo moja halina shaka, kwamba mtawala wa zamani aliwajibika mbele ya watu wake kwa hali ya hewa, naye hakuweza kuketi kimya mbuga zikipasuka kwa ukame.

Wajerumani walipokwisha kuishika bara walikuja na habari za namna nyingine. Waya wa simu ulivutwa kutoka pwani hadi Tabora, na kutoka Tabora ukaendelea hata Mwanza, kabla reli ya kati haijafika Tabora mwaka 1912. Kazi ya kuutunza waya ule haikuwa nyepesi: mchwa walizila nguzo za miti, na twiga walipita na kuukata kwa shingo zao, hata nguzo za chuma zikaonekana kuwa ni lazima. Waya ule ulichukua amri za serikali, hesabu za kodi na bei za bidhaa, lakini mkulima aliyeukuta umepita juu ya shamba lake hakuwa na lolote la kuupa wala la kupewa nao.

Bukoba, ng'ambo ya ziwa, ilibaki pweke, maana kuuzungusha waya ufukweni mwote mwa magharibi lilikuwa jambo la gharama na taabu nyingi. Ndipo mwaka 1911 kampuni ya Telefunken iliposimamisha vituo viwili vya simu ya upepo, kimoja Bukoba na kimoja Mwanza, vikasemezana juu ya maji takriban kilomita 180. Na mwaka 1913 Dar es Salaam nayo ikapata kituo chake. Inafaa tusimame hapa kidogo, kwa sababu vituo hivi viwili ndivyo wazee wa minara yote ya kanda hii, na mafundi waliovijenga walikabiliwa na mambo yale yale yanayomkabili fundi wa leo: walitaka urefu, ili mawimbi yapate njia bila kuzuiwa, walitaka chemchemi ya nguvu isiyokauka usiku wala mchana, walitaka ulinzi dhidi ya radi, ambazo pembezoni mwa ziwa hili hupiga kwa wingi usio na mfano katika sehemu nyingi za dunia, na walitaka watu wa kukaa hapo, kusikiliza na kuandika. Kila sharti katika hayo lilitimizwa barabara. Waliosahauliwa ni wenyeji, ambao hapana aliyewaza kwamba nao wangeweza kuwa na haja ya kujua kilichosemwa.

Vita ilipowasili Agosti 1914, wa kwanza kuanguka ulikuwa mnara wa Dar es Salaam, uliovunjwa na Wajerumani wenyewe tarehe 8 Agosti wakati manowari ya Kiingereza Astraea ilipoupiga mji mizinga, ili usiingie mikononi mwa adui. Mnara wa Bukoba uliendelea kusema kwa miezi kadha zaidi, na kusema kwake ndiko kulikouletea mji msiba. Mwezi Juni 1915 askari wa Kiingereza walipakiwa katika meli huko Kisumu, chini ya Jenerali Stewart, wakavuka ziwa kwa kusudi la kuuangusha. Miongoni mwao alikuwamo msasi mashuhuri Frederick Selous, mzee aliyekwisha pita miaka 60. Baada ya mapigano ya siku mbili mji ulitwaliwa tarehe 23, mnara ukaangushwa, kisha nyumba za mji zikaporwa, na waliokuja wakapanda meli zao wakarudi walikotoka. Watu wa Bukoba, ambao hawakupata kupokea hata neno moja kutoka katika mnara ule, walilipa gharama ya kuwa jirani zake. Mwanza nayo ilitekwa Julai 1916, na majeshi ya Jenerali Crewe yakashuka kwa njia ya Shinyanga kuelekea Tabora, ambako Wabelgiji walitangulia kuingia tarehe 19 Septemba.

Miaka iliyofuata twaweza kuipita upesi. Reli ya Tabora hadi Mwanza ilikamilika mwaka 1928, ikapita Isaka pamoja na nyaya zake. Machimbo ya dhahabu ya Geita yalifunguliwa katika miaka ya 1930 na kufungwa mwaka 1966. Na idara ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1929 na kuwa na makao yake Nairobi, ilieneza vipima mvua katika maboma, misheni na mashamba, ambako karani au padre alisoma kipimo kila asubuhi na kukiandika daftarini. Madaftari yale ni hazina, wala simdharau hata mmoja katika walioyajaza kwa uaminifu. Lakini kipimo kilichosafiri kwa posta kilifika hali mvua imekwisha nyesha na mto umekwisha shuka. Ulimwengu wakati huo ulikuwa umekwisha pata dawa yake: tarehe 30 Januari 1930 Mrusi Pavel Molchanov alirusha puto lililobeba chombo cha kupima joto na mkandamizo wa hewa, nacho kikatuma vipimo vyake kwa mawimbi ya redio kikiwa kingali angani. Huo ulikuwa mmoja wa milango ya elimu ya kupima vitu vilivyo mbali na kuletewa tarakimu zake pasipo waya.

Elimu hiyo ilipofika katika pwani yetu kwa ukamilifu wake, ilifika kwa ajili ya watu walioko angani. Mwaka 1960 Uingereza, iliyokuwa na himaya juu ya Unguja, ilipatana na Marekani kujenga kisiwani kituo cha mradi wa Mercury, wa kupeleka watu angani, nacho kikajengwa Tunguu na Chwaka, kimoja cha mlolongo wa vituo vilivyoizunguka dunia. Tarehe 20 Februari 1962 John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu, mapigo ya moyo wake yalishuka kwa mawimbi hadi Unguja, akayasoma daktari aliyeketi mbele ya mitambo, na muhtasari wake ukapelekwa Marekani kwa teleprinta. Hebu msomaji apime ajabu ya jambo hilo: moyo wa mtu mmoja aliyepita juu ya mawingu kwa mwendo wa maelfu ya kilomita kwa saa ulijulikana Tunguu dakika ile ile, na huku mkulima wa pale pale Tunguu hakuwa na njia ya kujua kama kaskazini ya kisiwa mvua imenyesha.

Haikustaajabisha, basi, kwamba kituo kile kilitiliwa shaka tangu mwanzo. Wako viongozi wa siasa na wa wafanya kazi walioamini kuwa ni ngome ya makombora itakayovuta vita visiwani, na maelezo ya wakubwa kwamba ni kituo cha elimu tu hayakuwatuliza watu. Mimi sikubali kwamba shaka ile ilikuwa ujinga mtupu. Aliyesikia habari za Bukoba alijua kwamba mnara wa mgeni huvuta maadui wa mgeni. Na mtu asiyeonyeshwa kilichomo ndani ya nyumba iliyojengwa kiamboni mwake ana haki ya kudhani alitakalo. Mapinduzi yalipotokea tarehe 12 Januari 1964, Wamarekani waliokuwako walichukuliwa na manowari yao, na mwezi Aprili serikali ya Mzee Karume ikataka kituo kiondolewe. Kikaondolewa, wala sijui Mzanzibari aliyekililia.

Sasa turudi bara. Simu za mkononi zilianza nchini mwaka 1994, na baada ya mwaka 2000, makampuni yalipoongezeka, minara ilitapakaa kando ya barabara kuu hata ikafika Kagongwa na kupita. Kwa mara ya kwanza mnara ulimpa mwenyeji sikio na ulimi: mkulima aliuliza bei ya mchele Kahama kabla ya kupakia, na baadaye akapokea fedha zake humo humo simuni. Hayo ni mapinduzi ya kweli, na anayeyabeza hakuishi kabla yake. Wakati ule ule migodi ilifunguka: Geita upya mwaka 2000, Bulyanhulu 2001, Buzwagi, jirani kabisa na mji wa Kahama, mwaka 2009. Katika migodi mikubwa ya wazi vyombo hupima usiku na mchana kama ukuta wa shimo umesogea hata kwa milimita chache, na hutuma habari hiyo kwa redio hadi chumba cha waangalizi, ili watu waondolewe kabla ya mwamba kuporomoka. Ni kazi njema mno, maana roho za wachimbaji zina thamani. Lakini habari hizo huishia ndani ya ua; na Buzwagi ilipofungwa mwaka 2021, jaruba lililo nje ya ua lilikuwa bado halijapimwa.

Na kumbe kulipima si jambo la kushinda uwezo. Kituo-mama cha kupokea vipimo, mathalan kikiwekwa Kagongwa, chataka mlingoti wa mita 30, ambao katika nchi tambarare kama ile huweza kuona masafa ya kilomita 20 na ushei kila upande. Chataka antena, kipokezi, betri na sola ya kuijaza, na waya madhubuti wa kuishusha radi ardhini, nao ufukiwe vizuri maana shaba ina wezi. Masafa yake ya redio sharti yatimize kanuni za Mamlaka ya Mawasiliano. Huko mbugani kila kituo kidogo huwa na kipima mvua chenye kikombe kinachojipindua kila kinapokusanya sehemu ndogo ya milimita ya maji, na kila kupinduka huhesabiwa na kutumwa. Pengine na chombo cha kupima kina cha maji katika mto wa msimu au lambo. Kituo-mama hukusanya yote, na kikipoteza mawasiliano na mmoja wa watoto wake hujua mara moja kuwa hapo pana hitilafu, jambo ambalo karani wa zamani hakulijua mpaka mwisho wa mwezi. Mradi wa TAHMO, ulioanzishwa na maprofesa wa Delft na Oregon, umeonyesha katika nchi nyingi za Afrika kwamba vyombo vya namna hii vinaweza kukaa katika viwanja vya shule, vikitunzwa na walimu na kuwafundisha watoto kusoma hali ya hewa ya kwao. Na ninaona hiyo ndiyo busara kubwa kuliko chombo chenyewe, kwa kuwa kitu kinachomfaa mwana hulindwa na mzazi.

Usiku wa tarehe 3 Machi 2015, Mwakata, katika wilaya ile ile ya Kahama, ilinyesha mvua ya mawe na upepo uliobomoa nyumba na kuua watu zaidi ya 40, wengi wao wakiwa usingizini. Sitasema kwamba vipima mvua vingewaokoa, kwani mvua ya mawe huumbika kwa muda mfupi, na kuiona mapema ni kazi ya rada ya hali ya hewa, ambayo kanda ya ziwa imeipata Mwanza. Ninachosema ni kwamba rada nayo huhitaji kusahihishwa kwa vipimo vya ardhini, na onyo litolewalo mjini halina maana mpaka limefika mlangoni mwa mtu anayelala. Na vyote viwili vinataka kituo kilicho karibu naye, chenye watu wanaomjua kwa jina.

Kwa hiyo nawaomba wenye madaraka wa Kahama, wenye viwanda vya mchele, na walimu wa shule za Kagongwa, siku watakapoamua kujenga kituo-mama, waandike sharti hili katika mkataba kabla ya zege kumwagwa: kwamba kila kipimo kitakachopokelewa juu ya mlingoti kiandikwe asubuhi ile ile kwa Kiswahili katika ubao wa soko la mpunga, na kitumwe katika simu za wenye majaruba bila malipo. Mhandisi atakayelikataa sharti hilo na apewe nauli yake arudi, atafutwe mwingine.