Anauzika kwa Nani? Somo la Mbale

Mwezi wa Februari 2010, wajumbe wa chama cha Democratic Party, DP, walikutana hapa Mbale kuchagua rais mpya wa chama. Walitoka kila upande wa Uganda. Wale wa Kampala walisafiri zaidi ya kilomita 200, wakavuka Nile pale Jinja, wakafika mpaka chini ya Wanale, kwenye mji huu ambao mto Nabuyonga unaupasua katikati. Aliyechaguliwa ni Norbert Mao. Chama kiliondoka Mbale na kiongozi mpya, lakini hakikuondoka kizima.

Kabla sijaendelea, niseme jambo moja ili ndugu zetu wa mashirika wasishtuke. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inamkataza mkimbizi kujiingiza katika siasa za nchi hii, iwe kijijini au taifani. Sina kadi ya chama, sina kura, na siombi. Naandika historia. Naiandika kwa sababu majirani zangu hapa kando ya Nabuyonga bado wanaibishania, na kwa sababu sisi wenyewe, kambini na mjini, tunachagua wenyeviti wetu na kugombana kwa maneno yale yale.

Neno kubwa katika mabishano hayo ni hili: "anauzika." Fulani ni mtu mzuri, lakini hauziki. Fulani hatumpendi sana, lakini anauzika. Ukilisikia unadhani limemaliza hoja. Kumbe ndio kwanza limeianzisha, maana kitu hakiuziki hewani. Lazima awepo mnunuzi. Na chama kikichagua kiongozi, wanunuzi ni wawili: wajumbe ukumbini, na raia huko nje ambaye hata jina la katibu wa chama halijui.

DP walilijua tatizo hili tangu zamani. Chama kilianzishwa 1954, na wengi wa waasisi walikuwa Wakatoliki wa Buganda. Benedicto Kiwanuka alikiongoza kushinda uchaguzi wa Machi 1961, lakini ushindi ule ulikuwa na kasoro yake: sehemu kubwa ya Buganda ilisusia kura, kwa vile Mengo, makao ya Kabaka, haikutaka kuona mtu wa kawaida akikaa juu ya mfalme. Mwaka uliofuata, Aprili 1962, UPC na Kabaka Yekka waliungana na DP ikatolewa. Kiwanuka aliuzika ndani ya chama na katika sehemu nyingi za nchi, ila kwao nyumbani, palipokuwa na kura nyingi, mlango ulifungwa.

Baadaye Paul Ssemogerere alikiongoza chama kuanzia 1980 hadi 2005. Katika uchaguzi wa rais wa 1996 alipata kama asilimia 23. Akaja John Ssebaana Kizito, na mwaka 2006 akapata asilimia 1.58. Wote watatu walikuwa Waganda. Kwa hiyo 2010 swali lilikuwa wazi: tuendelee na mtu wa kwetu, au tutafute atakayetufungulia milango ya kwingine?

Mao alikuwa jibu la swali hilo. Ni Mwacholi, mwanasheria, alikuwa kiongozi wa wanafunzi wa Makerere, akawa mbunge wa mji wa Gulu kwa miaka kumi, na wakati ule alikuwa mwenyekiti wa wilaya ya Gulu. Anajua kuongea. Waliomuunga mkono walisema huyu atalitoa lile jina la "chama cha Waganda Wakatoliki." Waliompinga hawakusema wote kwamba Mwacholi hafai. Wengi walilalamikia mkutano wenyewe: ulivyoitishwa, na nani alihesabiwa kuwa mjumbe halali. Watu wenye nguvu Buganda, kama Erias Lukwago na Betty Nambooze, hawakuutambua. Walijikusanya kwenye kundi la Suubi na katika uchaguzi wa 2011 wakamuunga mkono Kizza Besigye wa chama kingine, FDC.

Sasa tazama hesabu ya 2011. Mao alipata asilimia 1.86. Ukiilinganisha na ile 1.58 ya Ssebaana, amepanda, lakini kupanda kwa namna hiyo hakushibishi mtu. Wakati huo huo wabunge wa DP waliongezeka, kutoka 8 hadi 12. Naye Lukwago, bila tiketi ya chama, alichaguliwa kuwa Lord Mayor wa Kampala. Samuel Lubega, aliyekuwa DP, aligombea urais peke yake akapata asilimia 0.41. Yaani kura zilikuwepo, watu wenye mvuto walikuwepo, lakini kila mmoja aliondoka na fungu lake.

Wengine wanasema matokeo haya yanathibitisha kwamba Mao hakuuzika. Sikubaliani nao moja kwa moja. Hatujui Mao angeuzika vipi katika chama kizima, kwa sababu hakupewa chama kizima. Ukimtuma mtu sokoni na kikapu kilichotoboka, usimlaumu yeye peke yake nyanya zikidondoka njiani. Kwamba mwaka 2022 alitia saini makubaliano na chama tawala akawa Waziri wa Sheria, hiyo ni habari nyingine, na kila mtu ana lake la kusema.

Hadithi ya pili inawagusa zaidi wenyeji wa huku. Mwaka 2012 Besigye aliachia urais wa FDC kabla ya muda wake kwisha. Waliotaka kiti walikuwa watatu: Jenerali mstaafu Mugisha Muntu kutoka magharibi, aliyewahi kuwa mkuu wa jeshi; Nathan Nandala Mafabi wa Budadiri, hapo jirani Sironko, aliyekuwa kiongozi wa upinzani bungeni; na Geofrey Ekanya wa Tororo. Mwezi wa Novemba wajumbe walipiga kura: Muntu 393, Mafabi 361, Ekanya 17. Tofauti ya wawili wa kwanza ni kura 32. Chukua basi moja la Kampala, halijai.

Jirani yangu mmoja, mzee Mgisu mwenye shamba la kahawa kule juu, mpaka leo akiikumbuka ile 32 anatikisa kichwa. "Mwanangu," ananiambia, "mtoto wetu alikuwa mpiganaji. Yule mwingine mpole mno." Lakini hoja ya waliomchagua Muntu ilikuwa upole huo huo. Walisema raia wengi wanaogopa vurugu, askari wanaogopa kulipiziwa kisasi, hivyo mtu mtulivu aliyetoka jeshini atawatoa wasiwasi. Atajenga matawi ya chama vijijini, polepole. Wa Mafabi walisema polepole haing'oi mzizi.

Mafabi aliyalalamikia matokeo yale, na kwa muda chama kiliyumba. Lakini alibaki ndani, na mwaka 2015 akawa katibu mkuu. Hapo ndipo FDC ilipowazidi DP: aliyeshindwa alipata pa kukaa.

Haikudumu. Novemba 2017 Muntu aliomba kuchaguliwa tena, akapambana na Patrick Amuriat wa Kumi, mtu wa mashariki kama Mafabi. Mabishano yalikuwa yale yale: kujenga au kukaidi? Wajumbe wakachagua ukaidi. Amuriat 641, Muntu 463. Mwaka uliofuata Muntu aliondoka, na baadaye akaanzisha chama chake, ANT. Na katika uchaguzi wa 2021 wote wawili walikuwa kwenye karatasi. Amuriat, aliyekamatwa siku ya kupeleka fomu akafika bila viatu na kuanzia hapo akafanya kampeni miguu mitupu, alipata asilimia 3 na kidogo. Muntu hakufika asilimia 1. Kura za upinzani zilimwendea Robert Kyagulanyi, asilimia 35, mtu ambaye hakuna mkutano wa wajumbe wa FDC uliowahi kumjadili.

Mzani uwe sawa. Miaka mitano kabla, Besigye alikuwa amepata kama asilimia 35 kwa bendera ya FDC, na 2021 hakugombea. Kwa hiyo kuanguka huku si dhambi ya Amuriat pekee. Lakini kuna jambo la kujifunza. Wajumbe walimchagua mtu aliyewafurahisha wao, waliokwisha kukata shauri zamani. Raia ambaye hajakata shauri hakuwa ukumbini, na hakuna aliyemuuliza. Mwaka 2023 chama kiligawanyika tena, upande wa Najjanankumbi na upande wa Katonga. Mafabi alipopitishwa hatimaye kuwa mgombea urais wa uchaguzi wa Januari 2026, alikabidhiwa nyumba ambayo wapangaji wengi walikuwa wameshahama.

Sisi tuliotoka Kongo tusicheke. Tarehe 11 Novemba 2018, viongozi saba wa upinzani walikaa Geneva kutafuta mgombea mmoja. Wakamchagua Martin Fayulu, ambaye chama chake kilikuwa kidogo. Kesho yake tu, Félix Tshisekedi na Vital Kamerhe walijitoa, kwa sababu wanachama wao nyumbani walikataa katakata. Watu wa UDPS walisema: hatukuteseka miaka yote hii ili tumpigie kampeni mtu mwingine. Tume ya uchaguzi ilimtangaza Tshisekedi mshindi, Fayulu akapinga, na Kanisa Katoliki likasema matokeo hayalingani na yale waangalizi wake waliyoyaona. Mpaka leo ukilitaja jambo hilo kwenye foleni ya chakula, foleni inagawanyika. Mimi nachukua kipande kimoja tu: Geneva walimchagua mtu bila kuwauliza watu wa chini, na Mbale ya 2010 sehemu ya watu wa chini walisema hawakuulizwa. Mahali ni mbali, kosa linafanana.

Sasa turudi kwetu. Kambini tuna mabaraza ya wakimbizi, yale tunayoyaita RWC, na hapa mjini jumuiya yetu ndogo inajiandaa kuchagua mwenyekiti mpya. Wanaotajwa ni wawili. Mmoja ni mzee aliyetupokea karibu wote, anajua nani amefiwa na nani hajalipa kodi ya nyumba. Mwingine ni mama kijana, anaongea Kiingereza na Kiganda, anaandika barua ofisini na inajibiwa. Vijana wanasema mama anauzika. Wazee wanauliza: anauzika kwa nani, kwa sisi au kwa ofisi?

Swali la wazee ni zuri, na ndugu wa mashirika nawaomba mlisikie. Mara nyingi mkifika mnasema, "Tupeni mtu tunayeweza kufanya naye kazi." Mnamaanisha mtu wa Kiingereza na barua pepe. Basi watu wanajifunza kuwachagulia ninyi, badala ya kujichagulia. Matokeo yake mnapata mwenyekiti anayependeza mezani, lakini akirudi kwenye bomba la maji hakuna anayemsikiliza. Halafu mnashangaa mbona taarifa haifiki.

Kwa upande wetu pia tuna kosa. Tukichagua mtu kwa sababu tu anatufurahisha, anatukana ofisi kwa niaba yetu na tunapiga makofi, tutakuwa kama wale wajumbe wa 2017. Makofi hayaleti dawa kwenye zahanati.

Mimi nitampigia yule mama. Shida zetu nyingi mwaka huu zinaanzia kwenye karatasi: vitambulisho, barua za shule, rufaa za hospitali. Lakini kabla ya siku ya kura, nadhani tuna mambo matatu ya kukubaliana, na yote nimeyaokota kwenye historia hii.

La kwanza, orodha ya wapiga kura ibandikwe mapema, mahali ambapo kila mtu anapita, ili mtu akilalamika alalamike kabla. DP waliumia hapo.

La pili, mkutano usiwekwe mahali au saa ambayo nusu ya watu hawawezi kufika. Mama mwenye kibanda sokoni hawezi kuja saa nne asubuhi.

La tatu ndilo kubwa. Tukubaliane sasa, kabla hatujajua nani atashinda, kwamba atakayeshindwa atapewa kazi ya kweli. Mzee akishindwa, awe mkuu wa usuluhishi, na mama asiende ofisini bila kumpitia. Mama akishindwa, barua ziandikwe na yeye. Ukiniuliza, wale waliopata kura 361 mwaka 2012 na wale waliopata 463 mwaka 2017 ndio walioamua chama kitakuwaje, kuliko hata walioshinda. Walipobaki, chama kilisimama. Walipoondoka, kiliondoka nao.

Sisi ni wachache kuliko DP na FDC. Tukigawanyika hapa kando ya Nabuyonga, hakuna chama kingine cha kukimbilia. Tutabaki majirani wasiosalimiana, na shirika likija kuuliza mwenyekiti wenu nani, watatajwa wawili.