Bastola ya mfukoni: kitufe ao kifungio cha chini?

Bastola ndogo ya FN 1910 ilichorwa na Mmarekani John Moses Browning, na ikatengenezwa Herstal, Ubelgiji, nchi iliyotawala Kongo mpaka mwaka wa 1960. Kifungio cha magazini yake kiko chini ya mpini. Magazini haianguki ovyo mfukoni, lakini kuitoa kunaomba mikono miwili. Ni bastola ya aina hiyo ambayo Gavrilo Princip alitumia huko Sarajevo, tarehe 28 Juni 1914, kumuua Franz Ferdinand na mke wake Sophie.

Vitani, kifungio hicho kina hasara: mwenye kuishiwa risasi anachelewa, na kuchelewa ni kufa. Colt M1911 ya Marekani ilikuwa tayari na kitufe karibu na kidole gumba. Walther PPK ya Ujerumani, mwaka wa 1931, ilikiweka kwenye bastola ndogo. FN nayo ilikitumia mwaka wa 1935 kwenye Browning GP ya risasi 13, iliyomalizwa na Dieudonné Saive kisha kifo cha Browning mwaka wa 1926.

Mpaka leo mwenye kuchagua anapima mambo mawili: kitufe kinaharakisha, lakini kinaweza kubonyezwa bila kutaka, kifungio cha chini kinachelewesha, lakini hakiachii.